Reli Ilipita Kwetu Bila Kutusalimia

Wiki jana niliweka picha ya reli ya zamani hapa Malaba, ile nyembamba inayokatiza kuelekea Uganda. Nikaandika tu, "Hii kitu ina historia." Watu wangu, majibu yaliyokuja! Mmoja akaniambia nitafute kazi. Mwingine akauliza kama najua kilo ya chuma chakavu inauzwa pesa ngapi siku hizi. Halafu kuna huyu aliyesema, na ndiye ameninyima usingizi: "Hiyo ni scrap ya mzungu. SGR ikija, waing'oe yote pamoja na madaraja yake, watuachie shamba."

Sikumjibu pale pale, kwa sababu jibu lake haliingii kwenye mistari miwili. Leo namjibu. Chukua chai, hii ni ndefu kidogo.

Kwanza niseme ninakotoka. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli miaka ya sitini, kwa gangi. Kama hujui gangi, ni lile kundi la wanaume waliokuwa wanatembea juu ya reli wakiwa na nyundo na spana, wakikagua, wakikaza, wakibadilisha mataruma. Kukhu ndiye hunisimulia, kwa sababu babu alishatutoka. Anasema mzee alikuwa akifika kwenye daraja la chuma anapiga kila riveti kwa nyundo ndogo na kuinamisha kichwa asikilize. Iliyokaza inalia kama kengele. Iliyolegea inatoa sauti nzito, kama umepiga gunia. "Papa," Kukhu huniambia, "babu yako alikuwa anasema chuma hakidanganyi. Kikiwa na shida, sauti inabadilika."

Nilidhani hizo ni hadithi za wazee. Baadaye nikasoma na kujua ndivyo mafundi wa reli dunia nzima walivyokagua madaraja ya riveti.

Kwa nini pembetatu?

Tuanze na hayo madaraja yenyewe, maana watu wengi wanayaona tu kama rundo la vyuma vilivyopishana. Chukua vijiti vinne, vipigilie misumari upate mraba. Sukuma kona moja. Mraba unalala, si ndiyo? Sasa weka kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, upate pembetatu mbili. Sukuma tena. Haulali. Ukitaka uharibike, lazima kijiti kivunjike au msumari ung'oke.

Hiyo ndiyo siri yote. Fundi wa mbao anayekujengea nyumba anaijua, ndiyo maana kenchi ya paa lako ina vile vipande vya mshazari. Daraja la chuma la aina hii ni kenchi kubwa iliyolazwa juu ya mto. Treni ikipita, vipande vingine vinavutwa kama kamba, vingine vinabanwa kama nguzo. Kila kipande kinabeba mzigo kwa urefu wake, na chuma ni kigumu sana ukikivuta au kukibana hivyo. Kwa hiyo unaweza kuvuka mto mpana kwa chuma kidogo kuliko unavyofikiria.

Na hii ndiyo sababu wakoloni waliipenda. Daraja lilitengenezwa kiwandani ng'ambo, likatolewa vipande vipande, kila kipande kikapigwa alama na namba. Likapakiwa melini hadi Mombasa, likapandishwa treni hadi mwisho wa reli, halafu huko porini likaunganishwa kama kitanda cha kununua dukani. Riveti zilipashwa moto hadi zikawa nyekundu, zikaingizwa kwenye tundu, zikagongwa. Zikipoa zinajibana zenyewe na kushika vile vipande kwa nguvu.

Wengi wanafikiri vyuma vyote vilitoka Uingereza. Hapana. Zile daraja ndefu za kuvuka mabonde kwenye milima ya Mau, kati ya Nakuru na Kisumu, zilikuwa 27, na zilitoka kwa American Bridge Company ya Marekani. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na foleni ya kazi, Wamarekani wakasema wao watafanya haraka na kwa bei nafuu. Wabunge kule London walilalamika kweli kweli, ati vipi pesa ya mlipa kodi wa Uingereza inanunua chuma cha Marekani. Kwa hiyo mambo ya kugombania tenda za reli hayakuanza na SGR, wasee. Yana zaidi ya miaka 120.

Reli ilivyotufanya Wakenya

Hii sehemu ndiyo huwa nawaambia marafiki na hawaamini. Mpaka mwaka 1902, sisi hapa tulikuwa Uganda.

Si utani. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianzia maeneo ya Naivasha ukaja hadi huku. Kisumu ilikuwa Uganda. Mumias, kwa Nabongo Mumia, kulikuwa na kituo cha serikali ya Uganda, na ofisa wao C. W. Hobley alikaa pale. Ndiyo maana reli yenyewe iliitwa Reli ya Uganda ingawa leo karibu yote iko Kenya. Ilianza Mombasa mwaka 1896, na msumari wa mwisho ukapigwa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Takriban kilomita 930. Kati ya wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa.

Reli ilipoisha, Waingereza wakaona ni usumbufu treni moja kuwa chini ya serikali mbili. Wakafanya nini? Hawakusogeza reli, walisogeza mpaka. Mwaka 1902 ule mkoa wote ukahamishwa kutoka Uganda ukaingia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Mpaka mpya ukafuata mito yetu: Sio kule chini, na Malaba, ambao huko juu kuelekea Elgon unaitwa Lwakhakha.

Fikiria hapo kidogo. Mto ambao Iteso walikuwa wananyweshea ng'ombe pande zote mbili ukawa ukingo wa nchi. Wasamia wakakatwa katikati. Ndugu akaenda kulala kwa ndugu yake, akaamka ni mgeni. Hakuna mtu aliyeulizwa. Kwa hiyo mtu akiniambia reli ni scrap tu, namwambia hiyo scrap ndiyo iliyoamua kitambulisho chako kiandikwe Kenya.

Pamba, walowezi, na ramani iliyopinda

Lakini reli ya 1901 haikufika Malaba. Iliishia ziwani. Mzigo wa Uganda ulishushwa Kisumu, ukapakiwa melini, ukavuka Ziwa Victoria, ukashushwa tena ng'ambo. Kila kushusha na kupakia ni gharama, ni wizi, ni kuharibika.

Halafu pamba ikaingia. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1900 Uganda ilianza kulima pamba, na mashariki mwake, kwa Teso na Bukedi, ikashika vizuri. Viwanda vya nguo vya Uingereza viliitaka. Kwa hiyo ikaamuliwa reli ifike Uganda kwa nchi kavu.

Swali likawa: ipitie wapi?

Angalia ramani. Ukitoka Kisumu kwenda Tororo, njia fupi inapita kwa Waluhya, maeneo ya Butere na Mumias, hadi mpakani. Huko ndiko watu walikokuwa wengi, ndiko chakula kilikolimwa. Lakini reli ilitolewa Nakuru, ikapandishwa milima hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924, ndipo ikateremka kupitia Turbo, Broderick Falls ambayo leo ni Webuye, Bungoma, hadi kwetu Malaba na kuvuka kwenda Tororo.

Kwa nini ipande mlima namna hiyo? Kwa sababu Uasin Gishu kulikuwa na mashamba ya walowezi. Walitaka reli ya kubeba ngano na mahindi yao, na walikuwa na watu wa kuwasemea Nairobi. Wakulima wa Butere na Busia hawakuwa na mtu kwenye hiyo meza. Hata Uingereza kwenyewe kulikuwa na waliouliza kwa nini reli inawakwepa Waafrika wengi iwafuate wazungu wachache. Haikusaidia. Kisumu ikapewa kitawi, kikafika Butere mwaka 1930, na kikakomea hapo hadi leo. Busia haijawahi kuona treni. Mtu wa Busia akitaka kusikia honi ya treni anakuja huku kwetu Malaba.

Na aliyebeba hayo mataruma mgongoni ni nani? Kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyolipwa kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa kufanya kazi ya mzungu. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu "kuwahimiza" vijana waende kazini. Unajua chifu wa wakati ule alivyokuwa anahimiza. Mwaka uliofuata kipande kikaanza kutumika, kile cha kuning'inizwa shingoni, ili ukitoroka kazi ujulikane. Hivyo ndivyo mikono ilivyopatikana.

Kwa hiyo naelewa hasira ya yule jamaa aliyesema ni scrap ya mzungu. Ana sababu. Lakini angalia vizuri: mzungu alileta ramani na vyuma. Jasho lilikuwa la kwetu, na la Wahindi. Ukisema chuma ni cha mzungu, umempa mpaka jasho la babu yako.

Jinja, 1931

Baada ya Tororo kulibaki kizuizi kimoja kikubwa: Mto Nile. Reli haikuweza kufika Kampala bila kuuvuka. Wakajenga pale Jinja daraja la chuma la kenchi, likafunguliwa mwaka 1931, na mwaka huo huo treni ikaingia Kampala. Sasa unaweza kupanda behewa Mombasa ushukie Kampala bila kugusa meli.

Ukiwa unaenda Kampala kwa basi, nakuomba siku moja usilale ukifika Jinja. Pale unaona miaka karibu 90 ya uhandisi mahali pamoja. Kuna hilo daraja la chuma la 1931. Kuna bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lililofunguliwa 1954, ambalo barabara ilihamia juu yake. Na kuna lile jipya la nyaya, mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018 kwa mkopo wa Japani. Watu wote wanapiga picha na lile la nyaya. Mimi pia nimepiga, sitajifanya. Lakini mzigo wa reli bado uliendelea kutegemea lile la chuma, la umri wa babu wa babu yako.

Mpaka ulivyoishi juu ya chuma

Baada ya uhuru reli ilikuwa ya Afrika Mashariki yote. Babu yangu hakuwa mfanyakazi wa Kenya, alikuwa wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na angeweza kuhamishiwa Tabora au Soroti kama leo unavyohamishwa kutoka Busia kwenda Kakamega. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likagawanywa, na mabehewa yakagombaniwa kama mali ya marehemu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 1976, Idi Amin alisimama akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, karibu ifike Nairobi. Dunia ilicheka, ikasema ni kichaa. Lakini sasa unajua alikoitoa: ni ile karatasi ya 1902. Kenya ilimjibu kwa kubana njia. Uganda haina bahari, mafuta yake yanapita hapa kwetu. Amin akapoa.

Miaka hiyo hiyo ndiyo ya Chepkube, kule Bungoma mpakani, kahawa ya Uganda ilipokuwa inavuka usiku kwa punda na migongo ya watu, kwa sababu bei ya upande wa Kenya ilikuwa juu sana. Wazee wetu wengine walijenga nyumba za mabati kwa hiyo kahawa, na wengine walizikwa kwa sababu yake. Na ndiyo miaka baiskeli za kubeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine zilipozoeleka, dereva akiita "boda, boda!" Watu wa Busia wanasema neno ni lao, sisi Malaba tunasema ni letu. Hilo tusilimalize leo.

Desemba 1987 majeshi yakarushiana risasi pale Busia, mpaka ukafungwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, mamia ya kilomita kutoka hapa, na petroli ikaadimika Kampala. Mwaka 2020 corona ilipoingia, madereva wa malori walipanga foleni hapa kwetu kilomita na kilomita wakisubiri kupimwa. Wengine walilala wiki nzima chini ya trela. Kila mara ni somo lile lile: kinachobebwa juu ya mto huu mdogo kinaamua kama mtu wa Kigali atapika jioni.

Sigiri, na aibu ya haraka

Sasa twende Budalang'i, maana siwezi kuzungumzia madaraja ya Busia nikaacha Sigiri.

Mto Nzoia ni mto wa madaraja. Huko juu kuna mji uliozaliwa na daraja: mlowezi na mwindaji Arthur Cecil Hoey alijenga daraja la kuvushia magari ya ng'ombe, mahali pakaitwa Hoey's Bridge, leo ni Moi's Bridge. Mto ukishuka unakutana na reli karibu na Webuye, unapita Mumias, unaingia Bunyala ambako kila mvua kubwa ni kilio cha mafuriko. Na huko mwisho, ambako mto ni mpana na watu ni maskini, ndiko walikokaa miongo wakivuka kwa mitumbwi.

Hatimaye serikali ikajenga daraja la Sigiri, takriban mita 100, zaidi ya shilingi bilioni moja. Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Rais akalitembelea kulikagua. Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 26 Juni, likaanguka kabla halijakamilika. Wafanyakazi wakajeruhiwa. Picha zikazunguka dunia nzima, na jina la kaunti yetu likawa kichekesho.

Baadaye lilijengwa upya, na watu wa Bunyala wanalitumia. Mimi sicheki, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wanakufa maji. Ila swali walilouliza watu wengi siku ile bado nalibeba: kazi ilikimbizwa kwa ajili ya nani? Wa mtumbwi, au wa kura?

Na hapa ndipo naona historia inajirudia. Miaka ya 1920 ramani ilipinda kwa ajili ya walowezi. Mwaka 2017 watu walijiuliza kama kalenda ilipinda kwa ajili ya uchaguzi. Kote kuwili mwananchi wa kando ya mto ndiye aliyesubiri.

SGR inakuja. Sisi tumejipangaje?

SGR ilifika Naivasha Oktoba 2019 ikasimama. Mzigo wa Uganda unahamishwa pale kwenye kitawi cha takriban kilomita 24 kuingia reli ya zamani, ndipo uje kwetu. Yaani hiyo unayoiita scrap ndiyo inayomalizia kazi ya ile mpya. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Serikali yetu nayo imeahidi kuleta ya kwetu kutoka Naivasha kupitia Kisumu hadi Malaba. Umeona? Kupitia Kisumu. Miaka mia moja baadaye wahandisi wamerudi upande ule ambao walowezi waliukataa.

Kwa hiyo siku moja kutakuwa na daraja jipya la reli hapa Malaba. Mimi silipingi. Malori yanatulisha, hoteli zetu na maduka yetu yanaishi kwa foleni, lakini hayo hayo yanaua watu barabarani na yanaharibu lami. Reli nzuri ni kitu kizuri. Ninachoogopa ni treni kupita kwetu kwa kasi ikielekea Kampala, sisi tukiwa tumesimama kando tunapunga mkono kama watoto. Babu zetu walipungia ile ya kwanza hivyo hivyo.

Nina mambo matatu nayataka, na nayasema hadharani.

La kwanza, tuulize sasa, kabla ya ramani kukauka wino. Stesheni iko wapi? Ghala ziko upande upi? Mkulima wa muhogo wa Teso, mama wa omena wa Sio Port, atapakia wapi mzigo wake? Mwaka 1921 hatukuwa kwenye meza. Leo tuna kaunti, tuna wabunge, tuna sheria inayotaka wananchi washirikishwe. Tusipokwenda kwenye hivyo vikao, tusije kulia baadaye. Na mtu wa Busia mjini aulize pia: tawi la Butere litalala pale mpaka lini?

La pili, madaraja ya zamani yaandikwe. Tuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayoruhusu mahali au jengo litangazwe rasmi kuwa la kihistoria. Tunatangaza nyumba za magavana na makanisa, sawa. Lakini madaraja ya reli kutoka Mau hadi mpakani, vipi? Yatembelewe, yapigwe picha, yaandikiwe kibao: yalijengwa lini, na nani alibeba vyuma. Tukizingatia hilo la mwisho zaidi.

Usiniambie hakuna mtalii atakuja kuangalia chuma. Nenda mpaka wa Zambia na Zimbabwe, pale Victoria Falls. Daraja lao ni la chuma, la mwaka 1905, liko juu ya mto wa mpaka kama sisi, treni na magari yanapita. Watu wanatoka Ulaya wanalipa dola waruke kutoka juu yake wakiwa wamefungwa kamba miguuni! Sisemi tuwe na maporomoko. Nasema wao walijua wana nini.

La tatu, tuache kuiba. Hii ni yetu sisi vijana. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, ikaifungulia tena Mei mwaka huo. Wengi hapa walilia njaa, najua, maana kuna watu wanaofanya hiyo kazi kwa haki. Lakini kuna wanaofungua nati za reli usiku. Kumbuka vijiti vyako vitano. Ukitoa kile cha mshazari mraba haubaki na nguvu nusu, unalala. Daraja la kenchi ni hivyo hivyo. Kipande ulichouza kwa mia mbili kilikuwa kinabeba mzigo, na ukikitoa mzigo wake unahamia kwa jirani yake ambaye hakutengenezwa kuubeba. Halafu treni inakuja.

Kwa yule jamaa

Ndugu yangu uliyesema waing'oe yote: shamba unalolitaka ni kamba nyembamba ya kokoto, hata mahindi hayatamea. Ukiing'oa hutakuwa umemlipiza mzungu, yeye alishaondoka na pamba yake zamani. Utakuwa umefuta ushahidi. Kesho mtoto wako akiuliza kwa nini mpaka uko kwenye mto huu, kwa nini shangazi yake ni Mganda, kwa nini Busia haina reli na Malaba inayo, utamwonyesha nini?

Jumapili iliyopita nilimpeleka Kukhu tukatembea polepole hadi pale reli inapoelekea mtoni. Ana zaidi ya miaka themanini, magoti yanamsumbua. Aliokota jiwe, akaniambia, "Gonga." Nikagonga reli. Ikalia, sauti ikaenda mbali. Akatikisa kichwa, akasema, "Bado iko sawa. Waambie wenzako."

Ndiyo nimewaambia. Sasa nenda kamuulize babu yako au kukhu wako alipokuwa treni ya kwanza aliyoiona ikipita. Andika jina la mahali na mwaka kama anaukumbuka. Fanya hivyo wiki hii, maana wazee hawangojei SGR.